Mji Finyu na Afya ya Binti Zetu

Anayeingia Mji wa Kale wa Mombasa kutoka Ngomeni akaishika Ndia Kuu hupokewa na vivuli. Nyumba zimekaribiana hata roshani zake za mbao zaonekana kuamkuana, na vichochoro vimebanwa kwa hekima, ili jua lisichome na faragha ya wa ndani isivunjwe. Mbele yake upo Msikiti wa Mandhry, ambao kujengwa kwake kwatajwa kuwa mwaka 1570, na chini ni bandari ya kale. Huu ni mji uliojengewa watu wa kutembea kwa miguu.

Ikifika alasiri, wavulana hushika njia ya Makadara kwenda kucheza mpira. Mabinti wa rika lao twawaona na mikoba yao, shuleni hadi madrasa, madrasa hadi nyumbani. Na nyumbani kunawangoja kiti na simu. Hakuna aliyewakataza kukimbia. Wamekosa tu pahali penye sitara.

Msiba huu hauko Mombasa peke yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kipimo cha dakika 60 za kujishughulisha kwa mwili kila siku. Kwa wasichana ni asilimia 85.

Nasi tuna mfano mwema. Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini, akamshinda, baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda yeye. Katika riwaya ya Imamu Ahmad, Mtume kwanza aliwaamuru watu watangulie. Sitara ikahifadhiwa, na mbio zikakimbiwa.

Basi tuuangalie ua tulio nao. Mwaka 1996 mtaalamu wa Japani, Izumi Tabata, alichapisha utafiti wa mazoezi mafupi na makali: sekunde 20 za kujitahidi sana, sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane. Jumla haizidi dakika nne. Vijana waliofanya hivyo kwa majuma sita waliongezeka pumzi na nguvu.

Dakika nne hazitoshi badala ya 60, lakini ni mlango wa kuingilia. Hazihitaji uwanja wala vyombo. Darasa lililofungwa mlango na mwalimu wa kike mwenye saa vyatosha: kukimbia papo hapo, kuruka, kuchuchumaa na kuinuka. Waanze taratibu, na mwenye pumu au maradhi ya moyo atanguliziwe ushauri wa daktari.

Enyi akina mama, mnapokwenda mikutano ya wazazi mkaulizia alama za mtihani, ulizieni na hili. Miili ya wana wetu ni amana, nasi tutaulizwa juu yake. Mwenyezi Mungu awape afya njema na mwisho mwema. Amin.