Presha ya Chooni

Mamangu huuza chai na chapati kwa madereva wa trela Malaba. Choo cha pale ni cha kulipia, kwa hivyo yeye hubana mkojo hadi saa nane. Na kila akienda, kichwa kinagonga, moyo unakimbia, jasho linamtoka. Dakika chache baadaye yuko jikoni anasukuma chapati kama hakuna kitu. Kwa miaka mitatu tuliambiwa ni presha tu, ama wasiwasi. Jirani wa kibanda cha pili alisema mama amekanyaga dawa ya mtu.

Daktari wa Kisumu ndiye aliyeuliza swali la maana: "Mama, hii kitu hukushika ukishakojoa?" Picha ikaonyesha kinyama kwenye ukuta wa kibofu. Kinaitwa paraganglioma. Kati ya uvimbe elfu moja wa kibofu, hata mmoja hutapata wa aina hii. Wa kwanza kuelezwa ulikuwa mwaka wa 1953. Seli zake ni ndugu za zile za tezi zinazokaa juu ya figo, na zinatengeneza noradrenalini, ile homoni ya kukutorosha mbele ya fahali. Kibofu kikijibana kutoa mkojo, kinaukamua uvimbe, homoni inamwagika kwenye damu, presha inapaa. Mara nyingi hausambai. Lakini pia haukatwi haraka haraka: mama alimeza dawa za kushusha presha kwanza, maana kuuguza uvimbe huo kwa kisu bila maandalizi kunaweza kukuua mezani.

Ulitolewa, akapona. Mimi ndiye nilikosa usingizi, kwa sababu daktari aliongeza: "Tungependa kujua kama ni ya ukoo."

Theluthi moja hivi ya wenye paraganglioma wameirithi. Jeni moja inayotajwa sana ni SDHB, ambayo husaidia kuunda kimeng'enya cha mzunguko wa Krebs. Niliacha chuo mwaka wa pili, na huo mzunguko ni kati ya vitu vichache nilivyobaki navyo. Kimeng'enya kikikosekana, taka inajazana, seli inadanganyika kwamba imekosa hewa, inaanza kukua ovyo. Na SDHB ndiyo huongeza uwezekano wa uvimbe kusambaa. Mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi, ingawa wengi walio nayo hawaugui kamwe.

Sisi ni Wateso. Mjomba anaishi Tororo, mama mdogo yuko Busia, mpaka ulitukuta tukiwa ndugu. Kikao cha familia kikawa na swali moja: imetoka kwa nani? Upande wa babu ukanyamaza. Babu alianguka shambani akafa papo hapo, na kuna jamaa wa karibu ambaye hadi leo hasalimiwi kwa sababu ya kifo hicho. Siwezi kusema babu alikuwa na uvimbe, hakuna aliyempasua. Lakini niliona mjomba akimwangalia mama, kisha akiangalia chini.

Siku hiyo alitaka watoto wake wote wanne wapimwe damu. Nikamwambia hapana, tunaanza na mama, maana yeye ndiye aliyeugua: wakikosa kasoro kwenye jeni zake, wengine hatuna cha kutafuta. Kipimo si cha bei ya chapati, kwa hivyo tunachanga. Mjomba ametuma shilingi elfu mbili. Mama mdogo ameuliza kama yule jamaa asiyesalimiwa anaweza pia kuombwa mchango.