Walifukuzwa baharini, wakaajiriwa mjini

Mpenzi msomaji, sisi tuna bandari bubu, mahali mizigo inaposhushwa usiku bila mkubwa yeyote kugonga muhuri. Waingereza wao walikuwa na redio bubu. Kichekesho ni kwamba hizo bubu ndizo zilizokuwa zikisema sana, tena zikisikilizwa na mamilioni ya vijana, wakati ile yenye baraka za serikali inapiga miayo. Wenyewe waliziita redio za maharamia. Safari ya wiki hii inatupeleka kwenye pwani yao, mashariki ya London, tukaone ni nani hasa aliyemwibia mwenzake.

Unapanda treni pale stesheni ya Liverpool Street, London, unaelekea mkoa wa Essex. Baada ya muda maghorofa yanaisha, yanaanza mashamba, na kabla matako hayajafa ganzi umeshafika Frinton-on-Sea. Usitegemee makubwa. Huu ni mji wa wastaafu, watu wa kulala mapema na kusalimiana kwa kugusa kofia. Hebu sikia: ukiacha zile za hotelini, baa ya kwanza ya mtaani ilifunguliwa mwaka 2000! Kwa kijana aliyezoea kuiacha baa moja na kuingia ya jirani, hapa ni seminari tupu.

Juu ya mwamba kuna uwanja mpana wa majani, na chini yake vibanda vya mbao vya kubadilishia nguo vimepangwa kwa rangi, kama kanga kwenye rafu ya duka. Bahari ni ya kahawia, siyo ile ya buluu ya kwetu. Nilisimama pale na koti langu la mtumba, upepo unanizaba makofi kushoto na kulia, nikawa najiuliza watu waliwezaje kuishi huko majini miezi ya baridi. Siku hizi kinachoonekana mbali ni mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo. Lakini ungesimama hapo hapo mwaka 1965, ungeona meli zimetia nanga, haziendi kokote, na juu yake zimesimika milingoti mirefu kupita kiasi. Hiyo ndiyo ilikuwa studio.

Kisa cha kukimbilia majini

Sasa, kwa nini mtu aache nchi kavu akapige muziki kwenye mawimbi? Wakati ule Uingereza ilikuwa na mwenye leseni mmoja tu wa redio, BBC. Muziki wa vijana ulipatikana kidogo kidogo kama sukari ya mgawo. Haikuwa roho mbaya peke yake. BBC ilikuwa na mapatano na makampuni ya santuri na chama cha wanamuziki kwamba isipige santuri zaidi ya saa chache kwa siku, ili wapiga ala wasikose kazi. Kwa hiyo kijana aliyetaka kuwasikia Beatles wenyewe alijikuta akipigiwa bendi ya wazee wa tai wakiiga wimbo huo huo. Jamani!

Usiku alikuwa na kimbilio jingine, Radio Luxembourg kutoka ng'ambo, lakini nayo ilisikika kwa kwikwi, na muda wake mwingi ulinunuliwa na makampuni makubwa ya santuri ili yapige nyimbo zao. Ndipo anapoingia Ronan O'Rahilly, kijana wa Kiireland mwenye maneno matamu. Alikuwa akimsimamia mwanamuziki Georgie Fame, akazunguka na santuri mkononi, kila mlango akaukuta umefungwa. Wengine wangekata tamaa. Yeye akatafuta meli.

Ujanja ulikuwa mwepesi. Mamlaka ya Uingereza baharini wakati ule iliishia maili 3 kutoka pwani. Ukitia nanga mbele ya hapo, na meli yako imeandikishwa nchi nyingine, askari anakutazama kwa darubini tu. Tarehe 28 Machi 1964, siku ya mkesha wa Pasaka, Radio Caroline ikaruka hewani. Desemba ya mwaka huo huo ikaja Radio London, ikijiita Big L, ndani ya meli iliyowahi kuwa ya jeshi la Marekani ya kutegua mabomu ya baharini. Hiyo ilikuja na mtindo wa Kimarekani: nyimbo 40 zinazotamba, vibwagizo vya kuimba jina la stesheni, na DJ anayeongea nawe kama mshikaji wako, siyo kama mwalimu wa zamu. Watoto wa shule wakawa wanalala na redio ndogo chini ya mto.

Wengine hawakuhitaji hata meli. Kwenye mdomo wa mto Thames kuna ngome za chuma zilizojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, zimesimama majini kwa miguu kama wadudu wa ajabu. Vita ilipoisha jeshi likaondoka, maharamia wakahamia na sahani zao za muziki.

Bahari haina mshikaji

Lakini msomaji, usije ukadhani ilikuwa ni kutanua tu. Januari 1966, usiku wa dhoruba, meli ya Caroline iitwayo Mi Amigo ilikatika nanga ikasukumwa mpaka kwenye ufukwe wa Frinton hii hii. Ma-DJ waliokolewa kwa kamba, mmoja mmoja, juu ya maji ya baridi kali. Ukisimama pale na kuyatazama mawimbi yanavyopasuka, hamu ya kuwa maharamia inakuisha.

Na kuna damu. Juni 1966 kulizuka ugomvi wa umiliki na vifaa kwenye ngome ya Shivering Sands, ilipokuwa stesheni ya Radio City. Kundi la watu likaivamia ngome usiku na kuizima redio. Mwenye stesheni, Reg Calvert, alikwenda nyumbani kwa mshirika wake wa biashara, Oliver Smedley, kudai haki yake. Akapigwa risasi, akafa. Mahakamani Smedley alionekana alijitetea, akaachiwa huru. Basi hapo mchezo ukaacha kuwa mchezo. Ukifanya biashara mahali pasipo na sheria, siku ukidhulumiwa huna polisi wa kumwita kule ulipo.

Tukiwa wakweli, hata wenye leseni walikuwa na hoja. Wao walilipa mrabaha kwa watunzi. Maharamia wengi walipiga nyimbo za watu bila kulipa sawasawa. Masafa waliyojichukulia yaliweza kuingiliana na ya stesheni halali za nchi jirani. Na ule uhuru wa kuchagua muziki nao ulikuja kuuzwa: miaka ya mwisho kulikuwa na nyimbo Caroline zilizopigwa kwa sababu mtu ametoa mshiko, siyo kwa sababu ni kali.

Mwindaji avaa ngozi ya mnyama

Serikali ikatunga sheria. Haikupeleka manowari; ilikata chakula. Kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti 1967 ikawa kosa kwa Mwingereza kuzifanyia kazi redio hizo, kuzipelekea mahitaji, au kuzipa matangazo ya biashara. Big L ilizima mitambo tarehe 14, saa tisa alasiri, mashabiki wanalia. Caroline ikang'ang'ania mpaka Machi 1968, meli zake zikakokotwa na kampuni iliyokuwa ikiwadai.

Sasa ngoja utamu wa hadithi. Tarehe 30 Septemba 1967, wiki saba tu baadaye, BBC ikafungua Radio 1, redio ya vijana. Sauti ya kwanza hewani? Tony Blackburn, aliyekuwa haramia wa Caroline na Big L. John Peel? Haramia wa Big L. Kenny Everett? Huyo huyo wa Big L. Hata vibwagizo vilitoka kampuni ile ile ya Dallas, Marekani, iliyoitengenezea Big L. Yaani mwenye leseni alimfukuza mwizi mlangoni, kisha akamfungulia dirishani na kumpa mshahara.

Ila ujue yale mapatano ya santuri hayakufa siku ile. Radio 1 ilianza haina saa za kutosha za kupiga santuri, ikabidi vipindi vingi ichangie na Radio 2. Uingereza ilisubiri mpaka Oktoba 1973 kupata redio za biashara zenye leseni, LBC na Capital za London. Kwa hiyo hesabu vizuri: tangu Caroline ya kwanza mpaka mwenye mtaji binafsi kuruhusiwa nchi kavu ni zaidi ya miaka tisa.

Kisiwani Mersea

Kusini ya Frinton, pwani hiyo hiyo, kuna kisiwa cha Mersea kinachosifika kwa chaza. Kinaunganishwa na bara kwa barabara moja, na maji ya bamvua yakijaa barabara inazama. Ukikosea saa utalala huko huko. Ng'ambo ya mto Blackwater unaona jengo kubwa la kijivu la Bradwell, kinu cha umeme wa nyuklia kilichofungwa mwaka 2002. Na katikati ya mto, imetulia kama bibi kizee barazani, ipo meli nyekundu ya Ross Revenge.

Hiyo ilikuwa meli ya kuvua samaki kwenye bahari za barafu huko Iceland. Caroline ilipofufuka mwaka 1983, baada ya ile Mi Amigo kuzama mwaka 1980, hii ndiyo ikawa nyumba yake. Ilivamiwa na maofisa mwaka 1989, ikanasa kwenye mchanga wa Goodwin mwaka 1991, na bado haijafa. Boti ndogo hupeleka wageni wakaione. Nilipanda ngazi ya pembeni kwa kusali, nikajikuta kwenye vyumba vyembamba vinavyonuka dizeli na kutu, rafu zimejaa santuri mpaka juu. Kitu kilichonigusa siyo mitambo. Ni ule udogo wa studio. Kelele zote zile zilizowanyima mawaziri usingizi zilitoka mahali ambapo mkinyoosha mikono wawili mnagusana.

Na mwisho wa Caroline? Mwaka 2017 ilipewa leseni! Mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, Ofcom, iliipa masafa ya kati, kilohezi 648, na mtambo wake ukawekwa Orford Ness. Masafa hayo na kituo hicho vilitumiwa na nani zamani? BBC, kwa idhaa yake ya dunia, mpaka mwaka 2011. BBC nao hawakubaki nyuma kwa vituko: mwaka 2004 redio yao ya mkoa wa Essex ilirusha vipindi kutoka melini, Harwich, ikijiita haramia kwa siku chache. Mwenye leseni anaigiza uharamia, haramia ameshika leseni. Hapo ukimwuliza mtoto nani mwizi, atakuomba umpe muda.

Maghorofa ya Mashariki

Treni ya kurudi London inapita Stratford, na dirishani unaanza kuyaona maghorofa marefu ya makazi ya mashariki ya jiji. Itazame minara hiyo vizuri. Baada ya bahari kufungwa, uharamia ulipanda huko juu. Studio kwenye chumba cha mtu, antena na mtambo kwenye paa la jengo jingine, wakija maofisa wanachukua mtambo, watangazaji wameshatoweka. Kiss FM ilianza hivyo mwaka 1985, ikapata leseni na kurudi hewani kihalali mwaka 1990. Rinse FM ilianza mwaka 1994 na kuhangaika juu ya mapaa kwa miaka 16 kabla ya leseni ya mwaka 2010. Huko ndiko vijana kama Dizzee Rascal walipopokezana kipaza sauti, kabla hajatwaa tuzo ya Mercury mwaka 2003. Na BBC? Mwaka 2002 ikafungua 1Xtra, redio ya muziki wa asili ya watu weusi, muziki ambao mapaa yale yalikuwa yameupiga miaka mingi bila kibali.

Tusipambe lakini. Mtambo mbovu juu ya paa unaweza kuingilia mawasiliano ya ndege, na jirani mwenye redio ndogo iliyolipia kila senti anakuta matangazo yake yamemezwa na mtu asiyelipa chochote.

Ninachokiona mimi ni hiki: haramia hupatikana pale mwenye leseni anapokaa kwenye kiti bila kuwasikiliza anaowatangazia. Sheria inaweza kuizima meli kwa usiku mmoja, lakini kiu ya msikilizaji haizimwi na sheria. BBC ilipona kwa sababu ilikubali kujifunza kwa iliyemfukuza. Waliolipa gharama ni wale ambao hawakuajiriwa na yeyote: watunzi waliopigiwa nyimbo bure, na Calvert aliyekufa akidai mali iliyokuwa baharini.

Siku hizi kijana mwenye simu na bando ana redio yake mfukoni, hahitaji nanga wala paa. Lakini ukianza yako, mshikaji, walipe wenye nyimbo. Mengine wakubwa watakuja kukuiga wenyewe.

Haya, tukutane wiki ijayo.