Panya Aliyebaki Kizimbani

Katika kilima cha Nyarugenge, mjini Kigali, ipo nyumba yenye jina la Richard Kandt, Mjerumani aliyeuasisi mji huo mwaka 1907. Siku hizi ni jumba la makumbusho, na wageni wamekuwa wakionyeshwa humo nyoka hai vizimbani. Wengi husimama mbali kidogo, wakauliza: wanyama hawa hula nini?

Hula panya, ila si kila panya atupiwaye. Kigali i juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku baridi huingia. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Akipoa, tumbo halisagi, naye hukataa chakula. Hukataa pia macho yake yakiwa na ukungu, dalili kwamba karibu atajivua gamba.

Hapo ndipo penye hatari, nayo humshangaza mgeni. Panya hai aliyeachwa usiku kucha na nyoka asiye na hamu huona njaa, akamtafuna nyoka mgongoni hata kufikia mfupa. Mwindaji amekuwa kitoweo! Kwa hiyo mfugaji hodari haondoki. Panya asipoliwa upesi hutolewa, akatiwa katika tundu lake, akapewa nafaka na maji, angojee zamu nyingine. Aliyekufa hawekwi akiba. Huondolewa kabla hajaoza, akafukiwa chini sana mbwa wasimfukue, na mikono ikaoshwa kwa sabuni, kwani nyoka na panya huweza kubeba vijidudu viletavyo kuhara. Nyoka naye huachwa atulie siku kadhaa ndipo ajaribiwe tena. Chatu mkubwa aweza kukaa majuma mengi bila kula.