Mkutubi na Akili Mnemba

Wengi hudhani kwamba mkutubi anayesita kuipokea akili mnemba anaogopa kunyang'anywa ugali wake. Mimi niliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na sasa nimepita miaka sabini, sikubaliani nao.

Wakutubi si watu wa kukataa mapya. Nimewaona wakiacha kadi zilizopangwa katika visanduku vya mbao kwa namba za Melvil Dewey, mpango wa tangu mwaka 1876, wakahamia kwenye kompyuta. Walinung'unika, kisha wakajifunza. Huko Marekani, shirika la OCLC lilichapa kadi zake za mwisho mwaka 2015, na kazi ya mkutubi haikufa.

Lakini hili la leo ni jingine. Katalogi ya kompyuta, ukiiuliza kitabu isichokuwa nacho, hukujibu kuwa hakipo. ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022, huunga maneno kwa kukadiria neno lipi lifuate. Kwa hiyo huweza kukutajia mwandishi, mwaka na hata kurasa za kitabu ambacho hakijapata kuandikwa. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa hivyo.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mkutubi wa chuo kikuu, alinieleza: "Mwalimu, kijana huniletea orodha ya vitabu kumi. Natafuta mpaka jioni, vitatu havipo popote. Nikimwambia, ananiona mimi ndiye nisiyejua kazi."

Hapo ndipo penye uchungu, ndugu msomaji. Mkutubi anachohofia kupoteza ni kuaminiwa. Akishaonekana mwongo mbele ya mashine isemayo kwa ufasaha, nani atamsaidia kijana kutenganisha pumba na mchele?

Hata hivyo, kufunga mlango hakufai, kwa kuwa chombo hicho tayari kimo katika simu za wanafunzi. Tena hufaa kwa kufupisha makala ndefu au kupendekeza maneno ya kutafutia. Ninachowaomba wakuu wa vyuo ni hiki: kabla ya kununua programu, wasomesheni wakutubi wenu, kisha wapeni vipindi darasani wawafundishe vijana kuhakiki. Kuuliza si ujinga, lakini jibu lisilohakikiwa halijawa elimu.