Meza ya Uani, Temeke

Mwaka 2011 Dar es Salaam ilikuwa kwenye mgao wa umeme, na sisi tulikuwa mafundi chipukizi watatu tuliopanga nyumba moja Temeke. Mchana tulikuwa kiwandani, kando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee mpaka leo wanaiita Pugu Road. Kitengo chetu kilikuwa instrumentesheni: transmita, valvu, kontrola na nyaya zake zote.

Kontrola nyingi pale kiwandani zilikuwa zimewekwa “mkono”. Opereta anatazama geji, anafungua valvu kidogo, anarudi kwenye chai yake. Kuziweka “oto” kulihitaji mtu wa kuzityuni, na nani angemwachia kijana ajifunzie kwenye boila? Maji ya dramu yakishuka mno, mabomba yanaungua. Yakipanda mno, yanatoka pamoja na mvuke. “Hapa si darasani, mdogo wangu,” msimamizi wa zamu alikuwa akituambia, na sikuwahi kuona kosa lake. Ila vyuoni nako tulifundishwa kanuni ubaoni tu, basi fundi ajifunzie wapi?

Tukatengeneza meza yetu uani. Mbao za makontena, ndoo mbili, moja juu na moja chini, na koki ndogo inayomwaga kutoka ya juu kurudi ya chini. Pampu ilikuwa ile ya kurushia maji kioo cha gari, ya mtumba, kutoka Gerezani. Ni pampu rahisi na inatii, ila haikuumbwa kufanya kazi mfululizo. Ukiiachia muda mrefu inachemka na kuungua, kwa hiyo tulinunua za akiba. Chini ya ndoo ya juu tulifunga sensa ndogo ya presha. Sentimita 30 za maji ni takriban kilopaskali 3 tu, lakini zinatosha. Kontrola tuliitoa kwenye vyuma chakavu: ya zamani, imekwaruzika, ila inapokea miliampea 4 hadi 20 kama zile za kiwandani. Mwanzo ni 4 badala ya 0 ili waya ukikatika ujue: usomaji unaanguka chini ya 4, na hakuna maji duniani yanayoweza kusoma hivyo.

Kazi ya kontrola inaelezeka kwa maneno machache: inatazama kosa, yaani tofauti kati ya kimo unachokitaka na kilichopo, na ina namba tatu za kutyuni, P, I na D. P inasukuma kwa kadiri ya kosa lililopo sasa. I inakusanya kosa lililopita hadi liishe. D inatazama kasi ya kosa na kuwahi kulizuia. Kwenye ndoo, D ilituchekesha. Uso wa maji unatikisika pale maji yanapoangukia, sensa inaona mawimbi hayo kama mabadiliko ya ghafla, na pampu inaanza kukoroma na kunyamaza bila mpango. Tukaizima, na kwa kimo cha maji sijaihitaji tena.

Aliyetufundisha I vizuri ni mgao. Kontrola ilikuwa kwenye UPS, pampu ikategemea umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, pampu inakufa, ndoo inaisha taratibu, na kontrola iliyo hai inaendelea kukusanya kosa: amri yake kwa pampu inafika asilimia 100 na bado hesabu ya ndani inapanda. Umeme unarudi, pampu inaamka kwa nguvu zote, maji yanapita alama, yanafurika, na kontrola haipunguzi mpaka itumie deni lote ililolikusanya. “Wanangu, mnalima mpunga hapa?” Mama mwenye nyumba aliuliza, ameshika kanga isilowe. Dawa ni kuizuia I isikusanye pale amri inapofika kikomo. Kontrola ile ilikuwa na mpangilio huo. Sisi ndio tulikuwa hatujui unatumika lini.

Ndoo ilikuwa na upungufu mmoja: ni pole mno. Ukipandisha P inatulia tu, haiyumbi. Tukataka kitu chenye ucheleweshaji wa kweli, ndipo tukafunga hita ya wati 1000 kwenye mkondo wa maji, na baada yake mpira wa mita 4, upana wa ndani milimita 10, sensa ya joto ikakaa mwishoni. Mpira huo unabeba kama mililita 314. Kwa lita moja kwa dakika, maji yaliyopata joto sasa hivi unayasoma baada ya sekunde 19. Ndoo ya lita 20 ilitupa dakika 20 za majaribio, kisha maji ya uvuguvugu yakaenda kwenye beseni la kufulia.

Hapo ndipo njia ya kutyuni ya Ziegler na Nichols, waliyoichapisha 1942, ikawa na maana. Unaondoa I na D, unapandisha P hadi joto liyumbe kwa mawimbi yasiyokua wala kufifia. Kwetu yalikuja P ikiwa karibu 10, wimbi moja likichukua kama sekunde 50. Unachukua P mara 0.6, yaani 6. Muda wa I nusu ya wimbi, sekunde 25. Wa D sehemu ya nane, kama sekunde 6. Matokeo yake ni makali kuliko ninavyopenda, joto linapita alama kabla ya kutulia. Mimi naanzia hapo kisha napunguza P.

Baadaye meza ilihamia karakana ya kiwanda, na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakaketi hapo kabla ya kushika paneli yoyote. Namba tulikuwa tukiziandika kwa penseli kwenye ubao. Mmoja wao alikuta 17, akaiingiza kama P, na joto likapanda na kushuka kwa mawimbi yanayokua mpaka hita ikawa inaruka tu kutoka kuzimwa hadi kuwaka yote. 17 hiyo aliiandika mwenzetu aliyezoea kontrola zinazosema ukanda kwa asilimia, ambapo 100 unaigawa kwa P: 6 yetu ndiyo 17 yake. Siku ya pili nilikuta kijana ameongeza pembeni, kwa wino mwekundu na herufi kubwa: NI ASILIMIA HIYO!