Fungu la Mwana wa Mjakazi

Fundikira alikuwa njiani kwenda pwani, mzigo begani, mpagazi miongoni mwa wapagazi, alipofikiwa na habari kwamba baba yake amekufa. Akautua mzigo, akajiandaa kurudi Unyanyembe kutawala. Wenzake hawakumwacha aende hivi hivi. Walimsimanga kwanza, nusu kwa mzaha na nusu kwa kweli, kwamba leo yu mwenzao, lakini muda si muda atawatoza faini na kuwapiga viboko. Habari hii iliandikwa na Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kaze, karibu na ilipo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Akaongeza maneno mengine yanayostahili kusomwa polepole: Fundikira alirithi mali yote ya baba yake pamoja na wajane wake, akafanya makao Ititenya, akajenga nyumba 300 za watumwa na wafuasi wake, akawa na ng'ombe 2,000.

Katika hesabu hiyo haimo ekari hata moja.

Mtu aliyezoea kesi za mipaka, ambazo hazipungui mahakamani, huenda akadhani mwandishi yule alisahau. Hakusahau. Katika nyanda zinazoanzia Unyanyembe na kupanda kaskazini kwa Kahama na Shinyanga mpaka ziwani, ardhi ilikuwa nyingi na watu walikuwa haba. Aliyetaka shamba aliomba kwa wakuu wa nchi, akafyeka pori, akalima. Udongo ukichoka alihamia penginepo. Kilichokuwa adimu ni mkono wa kushika jembe. Nayo mikono ya waungwana aghalabu ilikuwa mbali, maana vijana wa Kinyamwezi na ndugu zao Wasukuma walichukua pembe za ndovu mpaka pwani, wakarudi na nguo, shanga na bunduki. Wengi walijitahidi kurejea kabla ya masika, lakini safari hazimtii msafiri. Basi sehemu ya faida iligeuzwa ng'ombe, na sehemu nyingine ikageuzwa watu, na watu hao wakalima mtama wa bwana wakati bwana yuko Bagamoyo. John Speke, mwenzake Burton, alivuka nchi hiyo mwezi Julai 1858, akafika Mwanza na kulitazama ziwa tarehe 3 Agosti. Sehemu ya njia aliyoipita imo katika unaoitwa sasa Mkoa wa Shinyanga.

Kwa hiyo mkulima wa namna hiyo alipokufa, warithi wake hawakwenda kupima pembe za shamba. Walihesabu ng'ombe, majembe ya chuma, nguo, bunduki na watu. Mtu aliyelala kibandani akiwa mali ya marehemu aliamka akiwa mali ya mwingine, bila ya kusogea hatua moja wala kuulizwa neno.

Ni katika mgao huo Burton alipokutana na desturi iliyomstaajabisha. Aliandika kwamba Wanyamwezi waliwaachia mali watoto waliozaliwa na wajakazi na masuria, hata ikawa watoto wa wake wa ndoa hukosa. Alipouliza sababu, alijibiwa kwamba wana wa wake wa ndoa wana jamaa na marafiki wa kuwasaidia, na mwana wa mjakazi hana msaada mwingine ila baba yake.

Jibu hilo ni zuri, tena lina huruma ndani yake, wala hapana haja ya kulikana. Baba anayekaribia kufa hutazama ni yupi atakayelala njaa. Mwana wa mke wa ndoa anao wajomba. Akikosa mbegu atakwenda kwao, akishtakiwa watamsimamia, akitaka kuoa watamchangia. Mwana wa mjakazi hana mjomba. Mama yake aliletwa kutoka mbali, pengine akiwa mtoto asiyeweza kulitaja jina la kijiji chao, na huko alikotoka hapana ajuaye kwamba amezaa. Ulimwengu wote wa ujamaa, kwa mtoto huyo, umesimama juu ya mtu mmoja, naye ndiye anayekufa.

Walakini huruma haikuwa peke yake katika nyumba ile. Katika Unyamwezi na Usukuma mtoto si wa baba kwa sababu ya damu tu. Akitolewa mahari ya mama yake, mtoto ni wa upande wa baba. Yasipotolewa, mtoto ni wa kwao mama, na urithi wake hutazamiwa huko. Katika tawala kadha za nchi hizo hata utemi ulikwenda kwa mwana wa dada. Tajiri aliyeoa mwanamke muungwana, basi, alikuwa na wakwe wa kuwaheshimu, madai ya kuyajibu, na watoto ambao wengine waliweza kuitwa na wajomba zao wakaondoka. Kwa mjakazi hapakuwa na mkwe wala dai. Watoto wake walikuwa wa baba mtupu. Mtu aliyeichuma mali yake kwa miguu yake mwenyewe, katika njia ya pwani, akitaka ibaki chini ya jina lake na isitawanyike katika koo za watu wengine, angaliiweka wapi penye salama kuliko kwa mtoto asiye na pa kukimbilia?

Kwa hivyo udhaifu ule ule uliompa mtoto haki ya kuhurumiwa ndio uliomfanya awe mrithi anayefaa. Waliomjibu Burton walisema kweli, ila walisema nusu yake, kama ambavyo wenye nyumba husema wanapoulizwa na mgeni. Na yafaa kukumbuka kwamba hapana aliyemwuliza mjakazi.

Nusu ya pili ilikuja kusemwa na mtu aliyeijua kwa nafsi yake. Fundikira aliugua mwishoni mwa 1858, jamaa zake wakashukiwa kwamba wamemroga, akafa. Aliyemfuata kitini ni mwanawe Mnywa Sere. Mwanzoni mwa 1861 Speke, katika safari yake iliyofuata, alikutana na Mnywa Sere akiwa mkimbizi mwenye bunduki, akaisikia habari yake kinywani mwake. Alisimulia kwamba alisimikwa kwa kuwa alikuwa mwana wa mjakazi, wala si wa mke wa ndoa, na kwamba ndiyo sheria ya urithi, iliyowekwa ili wana wa ndoa wasipate njia ya kufanyiana hila. Hapo huruma haikutajwa kabisa. Wana wa ndoa kila mmoja ana ukoo wa mama nyuma yake, na koo hizo zikigombana nchi huungua. Mwana wa mjakazi hana jeshi la wajomba. Anakaa kitini kwa sababu hana mtu.

Lakini mtu asiye na watu hukaa kitini kwa shida. Mnywa Sere aliwagawia Waarabu wa Kaze pembe za ndovu, akampa nyingi zaidi mfanyabiashara wa Kihindi Musa Mzuri, rafiki wa baba yake, na wengine wakaona wivu. Kisha akaweka ushuru juu ya bidhaa zinazoingia nchini, jambo ambalo baba yake hakulifanya. Waarabu walikataa, vita vikazuka, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere alipigana nao miaka mingi, njia ya pwani ikawa haipitiki kwa amani, mpaka akauawa mwaka 1865. Kilichomwangusha ni ushuru, si mama yake. Ila akiwa na wajomba wenye mikuki huenda wageni wangalifikiri mara mbili.

Waarabu hao walikuwa na mgao wao. Katika sheria ya Kiislamu, suria akimzalia bwana wake mtoto naye akamkubali, mtoto ni muungwana na fungu lake ni sawa na la ndugu zake. Mama naye huwa huru bwana afapo. Sayyid Said wa Unguja alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto wa masuria, na wawili kati yao, Majid na Thuwaini, waligombea milki mpaka ikagawanywa mwaka 1861, Unguja kwa mmoja na Oman kwa mwingine. Sheria hiyo ilimpandisha mwana wa suria akalingana na nduguze. Desturi ya Unyamwezi iliweza kumpandisha akawapita, ilhali mama yake haikumwahidi kitu kilichoandikwa.

Utumwa haukukoma kwa siku moja. Wadachi waliotawala bara hawakuufuta. Kwa amri ya 1901 waliuwekea mipaka na kumruhusu mtumwa ajikomboe, na kwa amri ya 1904 wakatangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru. Waingereza waliufuta kwa sheria mwaka 1922. Watu wakatoka katika orodha ya mirathi, na orodha ikajipanga upya: ng'ombe wakabaki, na shamba likaingia. Pamba iliipa ardhi bei isiyokuwa nayo zamani za Fundikira. Miaka ya 1940 na 1950 Wasukuma wengi walihamia magharibi, wakafyeka mapori ya Geita, na huko mtu aliweza tena kumiliki shamba ambalo hakulirithi kwa yeyote. Chini ya udongo huo kulikuwa na dhahabu. Mgodi wa Geita ulifanya kazi kutoka 1936 mpaka 1966, na mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2000. Madini ni mali ya taifa, lakini aliye juu ya ardhi hulipwa fidia anapoondolewa, na fidia ni fedha taslimu, nazo hugombewa kwa ukali kuliko mihogo.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitangaza kanuni za mila kwa maandishi. Warithi walipangwa madaraja matatu: mwana wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa mbele, wana wengine wa kiume nyuma yake, na mabinti mwisho. Mtoto asiye wa ndoa hakupewa kitu upande wa kiume ikiwa baba hakuacha wosia. Yule ambaye Burton alimkuta mbele ya wote akasimama nje ya mlango, na kanuni ikaitwa mila, kana kwamba mila ilikuwa hivyo tangu awali. Mjane naye hana fungu iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Mjakazi wa Ititenya angaliuelewa mpango huo wa mama kuishi kwa riziki ya mwanawe pasipo kufasiriwa.

Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga hawakuukubali. Waume zao walipokufa, mali ilisimamiwa na ndugu wa mume, nao wakatolewa katika nyumba walizoishi, watoto wakiwa bado wadogo. Wakaenda Mahakama Kuu kuzipinga kanuni zenyewe. Hukumu ya Septemba 2006 ilikiri kwamba kanuni zinabagua, lakini majaji wakaogopa kuzifuta, maana makabila yote zaidi ya mia yangekuja na mila zao mlangoni. Hofu hiyo ni ya ajabu kidogo kwa mahakama, ambayo kazi yake ni watu kuja mlangoni. Rufani ikaondolewa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Wajane hao wakalipeleka shauri katika kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikaamua kwamba Tanzania imevunja mkataba, wajane walipwe fidia, na kanuni za 1963 zifutwe au zirekebishwe. Mume wa kila mmoja wao alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka kumi.