Kanda ya Saba, Upande B

Umeme ukikatika hapa kwetu Kimandolu, Mama haulizi habari ya friji. Anauliza, "Kile kidude chako kimezima salama?"

Kidude ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani, ipo juu ya kabati la sebuleni na diski yake pembeni. Ndani mna kanda 31 za marehemu Baba. Nilizirekodi kwa Audacity, na hapo hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 60 inakula dakika 60 zako. Kisha nikapunguza ule mvumo, nikakata kila wimbo peke yake, nikaandika bendi na jina. Seva haisikilizi muziki, inasoma tu ulichoandika. Ukiandika "Marijani" hapa na "Marijani Rajab" pale, kwake hao ni watu wawili.

Programu ya seva ni Navidrome. Kwenye laptopu nafungua kivinjari, naandika anwani ya kidude na 4533 mwishoni, nyimbo hizo hapo. Simu janja nayo inaingia kwa programu yoyote inayoelewana na Subsonic. Bando likiisha muziki unaendelea, maana hautoki nje ya geti (hili niliwatambia sana washikaji). Simba Wanyika niliwatafutia mpaka picha, kwa kuwa akina Kinyonga kabla ya kwenda Kenya walikuwa na Arusha Jazz, hapa hapa mjini.

Sasa Mama ana kitochi. Hakina Wi-Fi, na hayo mafaili makubwa ya FLAC hakiyajui. Nikageuza nyimbo kuwa MP3, nikazijaza kwenye memori kadi, nikamkabidhi kama fundi aliyemaliza kazi. Siku ya tatu akanirudishia.

"Nyimbo nzuri, mwanangu. Ila umemtoa baba yako."

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze. Miaka ya 80 Baba alirekodi kutoka Redio Tanzania bila waya wowote. Aliiweka redio kaseti mbele ya redio ya mbao, akabonyeza, na chumba chote kikaingia kwenye kanda. Kuku, mlango, sufuria. Kanda ya saba, upande B, kati ya nyimbo mbili za Mbaraka Mwinshehe, anakohoa, halafu anamwita Mama kwa jina aje asikilize. Mimi nilipofika hapo niliona mwanya kati ya wimbo na wimbo. Nikaukata.

Mafaili ya awali, yale mazima, ya kanda 12 za mwanzo nilishayafuta. Saa moja ya WAV ni zaidi ya megabaiti 600, nami nilikuwa nabana nafasi. Na kanda yenyewe ya saba deki ilishaimeza siku ileile ya kurekodi. Niliitupia kwenye boksi na utepe wake unaning'inia. Usiku ule sikulala vizuri, nasema kweli.

Fundi redio mmoja wa Sanawari aliutazama utepe, akaguna. Akakata sehemu iliyokunjamana, akaunga kwa gundi ya karatasi, akauhamishia kwenye kasha jingine. "Cheza mara moja tu," akasema. "Mara ya pili sikuahidi."

Nikacheza mara moja, Mama amekaa pembeni na kanga yake mdomoni. Kikohozi kipo. Jina la Mama limebaki nusu, nusu nyingine ilibaki kwenye meza ya fundi. Mama akasema inatosha, niache hivyo hivyo.

Upande wote sasa ni faili moja, haujasafishwa, kuku wamo. Seva haikujua iuweke wapi, kwa hiyo kwenye nafasi ya msanii niliandika jina la Baba. Nilipomwambia Mama alicheka mpaka akajifuta macho.

"Yule? Yule hata kanisani alikuwa anafumbua mdomo tu!"